Kumtetea Msafiri wa Peke Yake

Msomaji, ukitaka kujua jinsi watu wa nchi yetu wawezavyo kuhukumu bila ya kusikiliza shahidi, waambie kwamba unakusudia kupanda pikipiki yako Nairobi na kushuka Mombasa, na kwamba hutafuatana na mtu. Kabla hujafunga kinywa, hukumu itakuwa imekwisha kukatwa. Wa kwanza atakuita mwendawazimu. Wa pili atauliza kama umekosa nauli ya basi. Wa tatu, aghalabu mtu mzima mwenye haki ya kusikilizwa, atakukumbusha kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Wa nne atakuwa kijana wa rika lako. Huyu atakusifu, na sifa yake ni mbaya kuliko lawama za wale watatu, maana atataka kujua jambo moja tu: utatumia saa ngapi?

Nimeshika kalamu kuwajibu wote wanne. Sitawajibu kwa kipimo kimoja, kwa kuwa makosa yao hayalingani. Wale watatu wanaogopa kisichostahili kuogopwa, na huyu wa nne haogopi kinachostahili. Mimi nahesabu kosa la pili kuwa kubwa zaidi, kwa sababu ndilo lijazalo makaburi.

Nianze na yule wa wazimu. Mwaka wa 1973 mwandishi mmoja wa magazeti wa Uingereza, Ted Simon, aliondoka London juu ya pikipiki aina ya Triumph. Umri wake ulikuwa miaka 42, umri ambao wengi wetu huanza kutafuta kiti cha kuegemea. Alishuka Afrika toka kaskazini hata kusini, akapita katika nchi yetu ya Kenya, akavuka bahari kwenda Amerika ya Kusini, na hakurejea kwao mpaka miaka minne ilipotimia, baada ya kupita nchi 45 na kwenda kilomita zaidi ya 100,000. Mwaka wa 1979 alitoa kitabu cha safari hiyo, na watu wanakisoma hata leo. Hakuna amwitaye mwendawazimu. Huitwa mtu wa maarifa, mtu aliyeuona ulimwengu.

Lakini kijana wa Machakos akifunga mkoba nyuma ya pikipiki yake akaenda kuiona bahari, ambayo haifiki hata kilomita 500 kutoka mlangoni pake, majirani humtazama kama mtu aliyetoroka kazini. Mgeni akipita kwetu na vumbi mashavuni, watoto humkimbilia na wazee humpa kiti. Mwenyeji akipita na vumbi lilo hilo, huulizwa ameiba nini. Je, msomaji, barabara ina elimu ambayo humfunukia mgeni na kumfichia mwenyeji? Ikiwa kuijua Kenya ni sifa kwa mtu wa London, vipi iwe upuuzi kwa mtu wa Kenya? Sioni jibu ila hili, kwamba tumezoea kudhani kutembea ili kuona ni kazi ya watu wengine, na kazi yetu sisi ni kutembea kwa sababu ya msiba, arusi au soko. Mazoea haya ni ya umaskini, na umaskini ulipopungua kidogo mazoea yalibaki.

Yule wa nauli hana haja ya maneno mengi. Pikipiki ya cc 150 hunywa lita moja ya petroli kwa kilomita 40 hivi ikiwa haikimbizwi. Nairobi hata Mombasa ni kilomita zipatazo 480. Gawanya mwenyewe, ongeza chakula na malazi ya usiku mmoja, kisha ulinganishe na nauli. Utaona kwamba msafiri huyu hakukosa nauli, bali ametumia zaidi yake. Mtu hatumii zaidi ili kupata taabu tupu. Basi yako mengine aliyoyatafuta.

Mzee wa methali ni mpinzani wa kuheshimiwa, na hoja yake ina mizizi. Husema: babu zetu walisafiri sana, walakini hawakusafiri peke yao. Ni kweli. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ukambani walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kwa misafara mikubwa, na jina la Kivoi wa Kitui, aliyekuwa akiongoza misafara ya namna hiyo, limehifadhiwa katika vitabu. Ndiye aliyempokea Krapf huko Kitui mwaka wa 1849, mwaka ambao mmishonari huyo aliuona Mlima Kenya. Mtu mmoja katika nyika ya Taru wakati huo alikuwa mali ya kiu, ya simba, au ya wanyang'anyi. Msafara ulikuwa ndio kiriba chake cha maji, ngao yake na mahakama yake.

Lakini tazama, mzee wangu, methali hufuata mambo, mambo hayafuati methali. Barabara ya leo ni msafara usiokwisha. Simamisha pikipiki kando ya njia karibu na Sultan Hamud, inama uutazame mnyororo, na uhesabu dakika. Hazitapita nyingi kabla dereva wa lori hajapiga honi kuuliza una nini, au mchungaji hajavuka mtaro kuja kutazama nawe. Huyo anayeitwa msafiri wa peke yake huzungumza na watu wengi kwa siku moja kuliko abiria wa basi kwa mwezi, maana abiria ana jirani mmoja, na jirani huyo aghalabu amelala. Waendao kundi husemezana wao kwa wao. Aendaye peke yake hana budi kumsalimu asiyemjua, kuuliza, kushukuru na kuamini. Mimi ni mwalimu, na nimewaona vijana wengi waliopita mitihani yao vizuri wasioweza kumuuliza mgeni njia bila ya kuona haya. Haya hiyo huondoka barabarani, kwa sababu barabara haikupi mwenzako wa kujificha nyuma yake.

Iko nyumba moja Makindu ambayo ningependa kila mpinzani wa safari aipitie. Ni hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka wa 1926 na watu wa dini hiyo waliokuwa wakifanya kazi katika reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote na kabila lolote, huvua viatu, hufunika kichwa, huketi na kupewa chakula bila ya kudaiwa senti. Nilikula hapo dengu na chapati, kulia kwangu utingo wa lori la saruji, kushoto kwangu mama na watoto watatu waliokuwa wakienda Voi. Hakuna aliyeulizwa jina. Nimewahi kufundisha darasani somo la ukarimu kwa vipindi viwili vizima, na nakiri kwamba sahani ile ilifundisha kwa muda mfupi zaidi.

Sasa nimfikie wa nne, na hapa sauti yangu itabadilika.

Kijana aulizaye utatumia saa ngapi si rafiki wa safari. Ni adui yake mkubwa kuliko wote, kwa kuwa amevaa nguo za rafiki. Huyu ndiye aliyewafundisha wazazi kuichukia pikipiki. Kila mara mama asemapo kwamba mwanawe hatapanda chombo hicho ng'o, ujue nyuma ya neno lake amelala mtoto wa jirani aliyekuwa akishindana na saa. Katika kila mmoja wa miaka ya 2021, 2022 na 2023 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na wapandao pikipiki ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, chombo hiki kimeingia kila kijiji na kuwalisha wengi. Kingeweza kuwalisha bila ya kuwazika, lau tungalifundisha kukiendesha kwa bidii ile ile tuliyokuwa nayo ya kukinunua.

Tuchukue hesabu, msomaji, maana kasi haiogopi mahubiri ila huogopa hesabu. Kilomita 480 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni saa sita. Kwa mwendo wa 100 ni saa nne na dakika arobaini na nane. Faida ya yule mwenye haraka, ikiwa njia yote ingekuwa tupu kama uwanja wa shule siku ya Jumapili, ni saa moja na dakika kumi na mbili. Njia haiko hivyo kamwe. Kuna malori, matuta, mbuzi na miji, kwa hiyo faida yenyewe hupungua mpaka haizidi muda wa kunywa chai mara mbili. Sasa tazama gharama yake. Kwa mwendo wa 80 pikipiki hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Macho yakiona ng'ombe, sekunde moja hivi hupotea kabla mkono na mguu haujatii. Baada ya hapo breki nzuri juu ya lami kavu huhitaji mita 35 au zaidi. Jumla ni karibu mita 60. Ukienda 100, jumla hiyo hupita mita 80. Mwendo umeongezeka kwa robo tu, bali njia ya kusimama imeongezeka kwa karibu nusu, kwa sababu nguvu ya kitu kiendacho hukua kwa mraba wa mwendo wake. Mliyasoma haya katika fizikia mkadhani ni maneno ya mtihani. Ng'ombe hakuyasoma, walakini huyatekeleza.

Usiku ni mbaya zaidi. Taa ya pikipiki ndogo ikikuonyesha mita 40 mbele, nawe huwezi kusimama kabla ya mita 60, basi unakwenda upesi kuliko macho yako. Mbele yako huenda liko lori lililoharibika, halina taa, na onyo lake ni matawi mawili ya miti yaliyotupwa juu ya lami. Hapana ushujaa katika jambo hili. Mtu aendeshaye usiku kati ya Mtito Andei na Voi ili aweze kusema alifika siku hiyo hiyo hakushinda kitu. Pande zote mbili za njia ni mbuga ya Tsavo, na ndovu hana taa ya nyuma.

Mimi nilitumia siku mbili. Niliondoka jua lilipochomoza, nikasimama kila baada ya saa moja na nusu, na kwa saa kumi alasiri nilikuwa Voi nimeoga. Kijana mmoja aliyesikia hivyo alicheka, akasema punda angenishinda. Sikumjibu, kwa kuwa kicheko hakihitaji jibu. Bali wewe nakuambia nilichopata kwa siku ya pili ambacho yeye hajakipata katika safari zake zote tano za usiku.

Niliiona nchi ikishuka. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na mtu aliyefungiwa katika basi huambiwa jambo hilo na ramani. Mwenye pikipiki huambiwa na shingo yake. Asubuhi ya Athi River nilivaa sweta mbili chini ya koti. Emali nilivua moja. Kibwezi nikavua ya pili, na mibuyu ikaanza kujitokeza, mmoja mmoja, kama wazee wafikao mapema barazani. Kulia kwangu vilikuwa vilima vya Chyulu, vya majivu na mawe ya volkano. Mvua inyeshayo juu yake haifanyi mito; huzama ndani ya mawe, husafiri gizani, na kutokea chini huko Mzima ikiwa chemchemi safi, ambayo maji yake huchukuliwa kwa bomba mpaka Mombasa. Nilikuwa nimelifundisha somo hili kwa chaki. Siku ile nililiona limelala kando ya njia, mwanzo wake juu na mwendo wake chini, na nikafahamu kwa nini wanafunzi wangu walikuwa wakisinzia.

Halafu ikaja Tsavo, na daraja ambalo mwaka wa 1898 simba wawili waliwatia hofu wajenzi wa reli mpaka kazi ikasimama. Ikaja nyika ya Taru, kavu, ndefu, isiyotaka kusifiwa. Mackinnon Road, karibu kabisa na reli, kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, ambaye husimuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi wa reli, na kwamba karai alilobebeshwa lilielea juu ya kichwa chake bila ya kukigusa. Uamini usiamini, hapo husimama mabasi na malori, na madereva hushuka kuomba salama. Nilimwona dereva wa trela akinawa miguu taratibu sana, mtu ambaye nusu saa kabla alinipita kwa kishindo. Nilitamani kumuuliza kwa nini asiendeshe kama anavyonawa, lakini nilimheshimu kwa mahali alipokuwa.

Kishindo hicho sharti ukijue kabla hujaondoka kwenu. Trela lijapo mbele yako husukuma upepo kama ukuta. Pikipiki husogezwa nje, na likiisha kupita huvutwa ndani. Asiyejua hukaza mikono kwa hofu, na mikono iliyokazwa huyumbisha usukani. Anayejua hubana tangi kwa magoti, hulegeza viwiko, huinama kidogo, na jambo hupita. Kadhalika ni lazima ujue kupima upepo wa matairi yakiwa bado baridi, kukaza mnyororo na kuutia mafuta, kutazama mafuta ya injini, kubadili plagi, kuziba pancha. Kofia ngumu ivaliwe na ifungwe kidevuni. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kuwa kofia hiyo hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wala haipunguzi hata moja ikiwa imetundikwa kwenye kiwiko, mahali ambapo vijana wetu wengi wanadhani pana ubongo. Vaa fulana yenye kuakisi mwanga. Sheria inakutaka uwe navyo viwili hivi, na uwe umetimiza umri na kupata leseni. Asiye na leseni hana sehemu katika utetezi wangu. Mimi simtetei yeye.

Kuna sauti ya tano ambayo sikuitaja mwanzoni, kwa sababu husemwa chini chini: kwamba haya yote, hata yakiwa mema, si ya wasichana. Nashangaa hoja hii ilipewa ruhusa na nani. Bessie Stringfield, mwanamke mweusi wa Marekani, alizunguka nchi yake peke yake kwa pikipiki katika miaka ya 1930 na 1940, wakati ambapo katika majimbo mengi mtu wa rangi yake hakupewa chumba katika hoteli. Husimuliwa kuwa aliponyimwa malazi alilala juu ya pikipiki yake katika vituo vya petroli, na asubuhi akaendelea. Mwaka wa 2002, miaka tisa baada ya kufa kwake, jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya waendesha pikipiki wa Marekani. Elspeth Beard wa Uingereza aliondoka mwaka wa 1982, akiwa mwanafunzi wa ujenzi wa majumba, akaizunguka dunia, akarudi mwaka wa 1984. Msichana wa Kenya aambiwaye kwamba mikono yake haiwezi kushika usukani mpaka Mtito Andei, na awaulize wasemao hivyo kama ni mikono tofauti na ile inayobeba kuni na mitungi ya maji kila siku. Hatari zake njiani ni nyingi kuliko za mvulana, sikatai. Lakini hatari hizo huletwa na watu, na watu hao ndio wa kukemewa. Kumfungia yeye nyumbani ni kumwadhibu aliyekosewa.

Limebaki neno la wale wasemao kwamba sasa iko reli mpya, tangu mwaka wa 2017, na hapana haja ya kuteseka juani. Sina ugomvi na treni. Mama yangu humpandisha hiyo, naye hufika Mombasa hajachoka, akiwa na maandazi yake bado hayajavunjika. Reli hiyo imeinuliwa juu ya tuta refu, na ndovu hupita chini yake. Abiria huiona nchi kutoka juu, nyuma ya kioo, upesi, kisha huletewa chai. Ni njia njema ya kufika. Lakini haisimami Salama ukanunua maembe kwa mama aliyeyachuma mwenyewe, wala Maungu ukaulizwa na mzee wa Kitaita mvua imenyesha wapi huko utokako, ukaona kuwa anauliza kwa haja, kwa sababu mahindi yake yanangoja jibu lako.